Seti ya bushi za steringi kwa Datsun 240Z, nilivyofunga mwenyewe uani Tudor, Mombasa

Kwanza niseme mie si fundi, kazi yangu ni ya ofisi kule bandarini, magari napenda tu. Gari lenyewe ni Datsun 240Z ya 1972, ilikuwa ya marehemu ami yangu, ikakaa uani chini ya mwembe karibu miaka tisa imefunikwa turubai. Wazee wakiiona wote huanza hadithi za Safari Rally, ati Herrmann alishinda nayo 1971, Shekhar Mehta akashinda nayo 1973, na ni kweli kabisa, lakini zile zilikuwa na mafundi wanazifuata nyuma, yangu mie ilikuwa na paka amezalia kwenye buti.

Injini tuliiamsha mwaka jana. Taabu ikabaki usukani. Unauzungusha inchi mbili hivi ndo tairi zinaanza kufikiria. Juu ya Daraja la Nyali upepo ukiipiga ubavuni mikono haitulii, kama nahodha anashika jahazi kwenye kaskazi, na mke wangu alipanda mara moja akasema yeye na ile gari bas.

Mafundi wawili wakanambia reki, kile chuma chenye meno kinachopeleka usukani kwenye tairi, imekufa nunua nyingine. Sasa reki ya 240Z utaipata wapi hapa? Ukienda Mwembe Tayari utauziwa ya Probox asubuhi, mchana na jioni. Nikamwita shemeji akae ndani atikise usukani kushoto kulia, mie nikaingia chini na tochi, na hapo ndo nikaona: reki nzima ilikuwa inatembea ndani ya vishikio vyake kabla tairodi, vile vyuma vinavyotoka kwenye reki kusukuma tairi, hazijasonga hata kidogo. Bushi za mpira, zile pete zinazoikaza reki kwenye vishikio, zimelowa oili ya injini miaka na miaka zimekuwa laini kama ubani wa kutafuna. Na ile kaplingi ya mpira inayounganisha fimbo ya usukani na reki ilikuwa imepasuka pande mbili. Kumbe reki haijafa, imelegea tu mahali inapokaa.

Nikaagiza seti ya poliyurethini, plastiki ngumu mfano wa mpira, kutoka Marekani, bushi mbili za reki, kaplingi na kijipakiti cha grisi yake. Mpaka inafika mkononi na ushuru na kila kitu nlitoa kama 14,000. Tairodi endi mbili, vile viungo vya mwisho wa tairodi, na ile mipira ya kufunika ncha za reki nlinunua kwingine, nitaizungumzia huko chini kwa hasira.

Kufungua ndo kazi yenyewe. Weka stendi, usilale chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, na matofali usiyafikirie kabisa. Hapa kwetu chumvi ya bahari inakula kila nati, tairodi endi ya kulia ilinichukua siku mbili, napulizia mafuta ya kulainisha usiku, asubuhi najaribu. Ilipotoka ilitoka hivi: usigonge skrubu yenyewe kwa juu utaiponda, gonga ubavu wa lile jicho la mkono inamopita, nyundo mbili tatu za nguvu inaruka. Na kabla ya kuzungusha tairodi endi itoke kabisa, hesabu mizunguko uandike, mie niliandika ukutani kwa chaki, kulia 19 kushoto 21, ukirudisha mpya kwa hesabu ile ile angalau gari itaweza kwenda yenyewe mpaka kwa mtu wa alaimenti, wa kupanga tairi zielekee sawa.

Reki ikatoka, nikaiosha kwa mafuta ya taa, grisi ya ndani imeganda kama halua iliyosahauliwa. Meno yako sawa, ila ya katikati yanang'aa kuliko ya pembeni. Na hapa ndo nlipofanya ujinga. Kuna skrubu pale kwenye pinioni, ile gia ndogo inayozungushwa na usukani, yenye springi chini yake, kazi yake kusukuma reki ikumbatiane na pinioni, nikaona mchezo, yaani ulegevu, umebaki kidogo pale katikati nikaikaza mpaka ukaisha. Nikajisifu. Jioni mzee mmoja jirani, alikuwa fundi zamani, akaja na kikombe chake cha kahawa akaishika reki akaizungusha mpaka mwisho, ikakwama. Akanambia, "Mwanangu, gari muda mwingi huenda moja kwa moja, meno yanayolika ni ya katikati. Ukikaza kwa kipimo cha katikati, pembeni patashika. Utakata kona na usukani haurudi." Nikailegeza, nikawa nazungusha mwisho mpaka mwisho, nalegeza tena robo, mpaka ikawa nyepesi kote, nikafunga nati ya kuzuia. Mchezo mdogo ukabaki katikati na ndivyo ulivyo mpaka leo, haunisumbui.

Bushi zenyewe nzuri mashaallah, zimekaa kama zimepimwa kwa gari yangu. Lakini hazilingani! Ya upande wa pinioni ni nene kuliko ya upande wa pili, na maelezo yaliyokuja ni karatasi moja haina hata mchoro, basi mie nikazifunga kinyume, ya huku kule, kishikio kikakataa kufunga, nikakilazimisha na spana, nusura nimalize meno ya bolti. Na ile grisi ya kwenye pakiti ipake yote, ukiacha kavu itakulilia kila ukikata kona.

Kaplingi mpya iliingia vizuri ila sikuwa nimeweka alama kabla ya kufungua, nikakosea jino moja, usukani ukakaa upande kama kofia ya mlevi. Nikafungua tena. Shemeji alicheka mpaka akaondoka.

Siku ya kutoka nikavuka daraja, Nyali, nikashika barabara ya Malindi mpaka Bamburi. Wallahi ni gari nyingine. Ukiigusa inaitika, upepo hata sikuusikia. Ubaya wake ni huu, poliyurethini haifichi kitu, kila kijiwe kinakuja mpaka kiganjani, na pale lami imekwisha meno yanagongana. Kama gari yako ni ya kwenda kazini kila siku ningekwambia weka kaplingi ya mpira wa kawaida, bushi ziwe hizi. Mie ya Jumapili, nimeridhika.

Sasa ile mipira. Duka silitaji, lakini nliambiwa ni ya Japani orijino, na haijafika miezi miwili wa kushoto umechanika kwenye mikunjo, mchanga unaingia ndani grisi inatoka nje. Kuwarudia wananiuliza risiti, risiti wenyewe hawakunipa. Tairodi endi za duka hilo hilo mpaka sasa ziko sawa ila kila Jumamosi nazitikisa kwa mkono kuhakikisha.

Kwa hivyo seti ya bushi naipa nne kwa tano, moja nimeitoa kwa ile karatasi. Mipira nimeagiza mingine, kwa sasa nimeufunga ule uliochanika na ubale wa tyubu ya baiskeli na vibano viwili, na kwenye matope ya Kongowea sipiti.