Kutazama ndege Mbarali: mwongozaji hodari, kambi yenye kasoro

Mwezi Januari tulitoka Mbeya mjini tukiwa wanne, tukalipia siku mbili za kutazama ndege kando ya mashamba ya mpunga ya Mbarali, pamoja na kulala kambini usiku mmoja. Naanza na mwongozaji, kwa kuwa ndiye aliyetufanya tusijutie fedha zetu.

Tukiwa juu ya tuta la mfereji, tukiwatazama korongo weupe waliokimbia baridi ya Ulaya, hakuishia kututajia majina. Alieleza kwamba virusi vya Nile Magharibi, vilivyogunduliwa Uganda mwaka 1937, huongezeka kwa wingi katika damu ya ndege kwa siku chache, na mbu wa jamii ya Culex akimnyonya ndege huyo huvibeba hadi vifike kwenye tezi zake za mate, ndipo huviingiza kwa ndege mwingine, kwa farasi au kwa binadamu. Ndege wengi hawaonyeshi dalili yoyote, ingawa mwaka 1999 kule New York kunguru walikufa kwa wingi. Mwenzetu aliuliza kama basi tuwaogope korongo. "Hapana, dada," akajibu, "korongo hakuumi, anayekuuma ni mbu." Akaongeza kwamba damu ya binadamu aliyeambukizwa huwa haina virusi vya kutosha kumwambukiza mbu, na kwamba takribani watu 8 kati ya 10 hawahisi lolote, japo wachache hupata ugonjwa mkali wa ubongo.

Kambi ni habari nyingine. Chakula kilikuwa kizuri, lakini nyuma ya jiko palikuwa na karai la maji ya kuoshea vyombo, yaliyotuama hadi yakanuka. Mwongozaji alichota kikombe kimoja akatuonyesha viluwiluwi wakining'inia kichwa chini, ncha ya mkia ikigusa uso wa maji. Hao ndio Culex, alisema, kwani viluwiluwi wa Anopheles, mbu wa malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Aliyamwaga yeye mwenyewe, na nadhani aliona aibu kwa niaba ya waajiri wake. Chandarua changu kilikuwa na tundu la kupitisha ngumi, nikaliziba kwa leso. Msimamizi, nilipomlalamikia, alijibu tu kwamba bondeni mbu hawakosi.

Nitarudi kwa ajili ya mwongozaji, ila usiku nitalala Rujewa.