Makumbusho ya Wamarekani Weusi, Washington: tengeni siku nzima

Kiingilio ni bure, lakini msiende kienyeji. Tiketi yenye saa ya kuingia mnaichukua mapema kwenye tovuti yao, nayo hailipiwi. Mara ya kwanza mimi na binti yangu tulikwenda na basi la kampuni ya matembezi kutoka Philadelphia, wakatupa muda wa saa mbili tu. Ile ni dhuluma. Wiki mbili baadaye tulirudi wenyewe kwa treni, tukakaa tangu asubuhi hadi wanafunga.

Anzieni chini kabisa. Lifti inashuka huku miaka iliyoandikwa ukutani ikirudi nyuma hadi karne ya 15. Huko tulikuta vyuma vizito vilivyowekwa chini ya meli ili isiyumbe, vya meli São José, iliyotoka Kisiwa cha Msumbiji mwaka 1794 imejaa watu waliotiwa utumwani, ikazama karibu na Cape Town. Mimi ni mtu wa Mtwara. Pale miguu iligoma kuondoka.

Mkipanda mtakuta behewa la Southern Railway la enzi za ubaguzi, na mnapita ndani yake. Upande wa wazungu, juu ya viti kuna pa kuwekea mizigo. Tulipovuka upande wa weusi, binti yangu akainua macho: "Mama, huku mizigo waliweka wapi?" Hapakuwa na pa kuiweka. Hata choo ni cha kujibana.

Karibu na hapo inaning'inia ndege ya buluu yenye mabawa ya manjano, iliyotumika kufundishia marubani weusi kule Tuskegee, Alabama, mwaka 1944. Chini yake nilimsimulia habari za Benjamin O. Davis Jr. Alipokuwa chuo cha kijeshi cha West Point, wenzake walimsusa miaka 4: hawakula naye, hawakulala naye chumba kimoja, hawakumsemesha ila kwa shughuli za kikazi. Akahitimu 1936. Mwaka 1942 alikuwa miongoni mwa 5 wa kwanza kuhitimu urubani Tuskegee, akaongoza vikosi vitani, na mwaka 1954 akawa jenerali wa kwanza mweusi katika Jeshi la Anga la Marekani.

"Miaka minne, mama? Hata salamu?"

Jengo lenyewe, kama mataji matatu ya rangi ya shaba yaliyopandana, ubunifu wake uliongozwa na David Adjaye, mzaliwa wa Dar es Salaam. Ghorofa za juu, za muziki na michezo, tulizipitia mbio mbio. Miguu ilikuwa imekwisha. Tiketi za mwezi ujao nimeshachukua.