Uzoefu wangu: kituo cha tuisheni Moshi kiligoma kurudisha ada, tukaenda Mahakama ya Mwanzo

Kituo chenyewe sitakitaja jina. Kipo hapa Moshi mjini, ghorofani, na ngazi zake zimebandikwa matangazo kuanzia chini hadi juu: wanaorudia kidato cha nne karibuni, walimu wazoefu, wanafunzi wachache darasani. Nilijiunga kwa Hesabu, Fizikia na Kemia. Ada ilikuwa 60,000 kwa mwezi, ila ukilipa miezi sita kwa mkupuo unapewa bure vitabu vya mitihani iliyopita. Dada yangu anayefanya kazi Arusha akatuma 360,000 kwa M-Pesa, mimi nikatoa 20,000 ya fomu mkononi.

Mwalimu wa Hesabu sina neno naye. Logarithimu zilizonitesa shuleni miaka yote alinieleza zikaeleweka, na ukimfuata baada ya kipindi hakukimbii. Kama ningekuwa natoa nyota kwa mtu mmoja mmoja, huyo anazibeba zote tano. Shida ni kwamba nililipia masomo matatu. Mwezi wa pili, mwalimu wa Fizikia akaondoka, tukaambiwa mwingine yuko njiani. Hakufika. Mwalimu wa Kemia naye akaanza kuja siku anazojisikia, mwishowe tukachanganywa na watoto wa kidato cha pili, tunafundishwa vifaa vya maabara na kazi zake kwa mdomo, wengine tumesimama ukutani kwa kukosa viti. Wanafunzi wachache darasani, aisee.

Nilipoomba hela ya miezi iliyobaki, mkurugenzi aliichukua risiti yangu, akaigeuza nyuma, akaweka kidole juu ya muhuri wa wino wa zambarau: ADA IKISHALIPWA HAIRUDISHWI. "Mdogo wangu, si umeandikiwa hapa?" Wenzangu wengi waliishia hapo. Wanaona muhuri wanakata tamaa, kama vile muhuri ni sheria ya Bunge.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja msaidizi wa kisheria. Kwa wasiowajua, hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na huduma yao ni bure kwa asiye na uwezo. Si mawakili na hawasimami mahakamani kwa niaba yako, lakini wanakuelekeza na kukusaidia kuandika. Wenzetu wa Arusha wana TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, wote wana ofisi huko.

Mama yule aliishika risiti akauliza swali ambalo sijalisahau: "Hii ulipewa kabla ya kulipa au baada?" Baada, bila shaka. Risiti hutolewa hela ikishaingia. Basi, akasema, sharti ulilolikuta nyuma ya karatasi baada ya kutoa hela yako, mkurugenzi ndiye atakayepata kazi ya kueleza ulilikubali lini. Kisha akatenganisha mambo mawili ambayo pale kituoni yalikuwa yamekorogwa pamoja. Mwanafunzi akiacha mwenyewe katikati kwa kuwa amechoka au amehama, hapo "hairudishwi" ina uzito. Lakini kituo kikishindwa kutoa kilichouza, kimevunja mkataba, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inampa aliyeumia haki ya fidia ya hasara iliyotokana na kuvunjwa huko. Nilimwambia mimi sikusaini mkataba wowote. Akasema mkataba wa mdomo nao ni mkataba. Ugumu wake ni kuuthibitisha.

Kwa hiyo nguvu zetu zikaenda kwenye ushahidi. Ujumbe wa M-Pesa wa dada, risiti pande zote mbili, picha ya tangazo la kwenye ngazi (nendeni mkapige mapema, mabango hubanduliwa), ratiba waliyotutumia WhatsApp, na ule ujumbe wa sauti wa mkurugenzi akisema mwalimu wa Fizikia anaanza Jumatatu. Nikaambiwa pia nitafute mahali pengine pa kusoma Fizikia na nitunze risiti zake, kwa sababu kifungu hichohicho kinaangalia kama ulikuwa na njia ya kupunguza hasara yako. Ukikaa nyumbani miezi minne unanuna, utaulizwa.

Polisi nilienda, na nitawatetea: waliniambia hilo ni la madai, si jinai. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa, lipo kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, ila linahusu mtu aliyekudanganya jambo lililopo au lililokwishapita, tuseme kukuonyesha cheti cha usajili cha kughushi. Kuahidi mwalimu atakuja halafu asije, peke yake, hakumpeleki mtu rumande. Na ukitumia polisi kukusanyia deni mambo yanaweza kukugeukia.

Mdaiwa ni nani? Hili lilinishangaza. Jina kwenye bango lilikuwa jina la biashara tu, na jina la biashara si mtu mbele ya sheria, tofauti na kampuni. Nyuma yake yupo mwenye nalo, na BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, ndiko majina hayo yanakosajiliwa. Tuliangalia, tukakuta mmiliki ndiye yuleyule ambaye jina lake lilitokea kwenye ujumbe wa M-Pesa, maana walitupa namba ya simu ya kawaida, si Lipa Namba. Tukamdai yeye.

Ikaandikwa barua ya madai ya ukurasa mmoja, isiyo na tusi hata moja: tarehe ya malipo, namba ya muamala, kilichoahidiwa, kilichotolewa, kiasi ninachodai, siku 14 za kujibu, na kwamba asipojibu nitafungua shauri. Nilidai 220,000. Miezi niliyosoma Hesabu niliitoa mwenyewe kwenye hesabu, kwa kuwa nilifundishwa na nikafaidika. Alikataa kusaini nakala, nikampigia picha barua yote nikamtumia WhatsApp. Tiki zikawa bluu. Kimya.

Mahakama ya Mwanzo ndiyo sehemu ninayotaka watu waiogope kidogo kuliko wanavyoiogopa. Inasikiliza madai ya deni litokanalo na mkataba hadi shilingi milioni 30, kwa hiyo ada ya tuisheni ya mtu yeyote inaenea. Kila kitu ni Kiswahili. Unaweza hata kueleza dai lako kwa mdomo likaandikwa. Karani alinisomea maelezo yangu, akanipa namba ya malipo, nikalipia kwa simu. Ada ya kufungulia ilikuwa ndogo ukilinganisha na nilichodai, na nikaiongeza kwenye madai. Kwa vile nimeshapita miaka 18 nilidai kwa jina langu. Aliye mdogo zaidi angedai kupitia mzazi au mlezi. Dada alipangwa kuwa shahidi. Ubaya wake ni kusubiri. Unaambiwa saa tatu, unaitwa saa saba, na kuna siku unaambiwa limeahirishwa. Mtu anayetoka Rombo au Same apige kwanza hesabu ya nauli.

Samansi ilipomfikia, mkurugenzi alinipigia kwa mara ya kwanza tangu ugomvi uanze. Sauti imekuwa ya asali: mdogo wangu, haya mambo si yanazungumzika? Nikamwambia yanazungumzika mbele ya hakimu. Hapo nasisitiza kwa yeyote mwenye shauri lililo wazi: msimalizane pembeni halafu ukaenda kulifuta kabla hela haijaingia. Tulikubaliana 200,000 kwa awamu mbili, hakimu akayaandika makubaliano, na yakishaandikwa hivyo yanabeba nguvu ya amri ya mahakama. Asipolipa unaomba kukazia hukumu, yaani mahakama imlazimishe kulipa, unaweza kufika hadi kwa dalali wa mahakama.

Awamu ya kwanza ililipwa siku ileile, palepale nje, kwa simu. Ya pili ilichelewa, nikarudi kwa karani kuulizia taratibu za kukazia, na sijui nani alimpa habari kwa sababu jioni ile hela ikaingia, pungufu ya makato ya kutuma. Hayo makato nimemwachia. Ile 20,000 ya fomu sikuidai, fomu nilijaza kweli na vitabu ninavyo. Mwalimu wa Hesabu naye kumbe alikuwa hajalipwa mishahara. Sasa anafundisha nyumbani kwake, mtaa wa Soweto hapahapa Moshi, na Jumamosi ndiko niliko.