Helmeti na nguo za pikipiki kwa anayeanza: kagua mkanda wa kidevu kwanza

Anayenunua helmeti kwa mara ya kwanza huangalia kioo, rangi na michoro, kisha anaulizia bei. Baada ya miezi michache malalamiko yanakuja, na karibu yote yanafanana: kioo kimejaa mikwaruzo, sponji ya ndani inanuka, stika zimebanduka. Ni nadra sana kusikia mtu akilalamikia mkanda wa kidevu. Hali mkanda huo ndio unaoamua kama helmeti itakuwa bado kichwani pikipiki ikilala na kichwa kikafika chini. Utafiti wa nchi za Ulaya ulioitwa COST 327, uliotolewa mwaka 2001, ulikuta kwamba katika ajali zilizochunguzwa, zaidi ya helmeti moja kati ya kila kumi ilichomoka kichwani. Huko ni kwa watu wanaouziwa helmeti zilizokwisha pimwa. Helmeti nyingi zinazoning'inia kwenye vibanda vyetu zinafungwa kwa klipu ya plastiki, ileile inayofunga begi la mgongoni la mtoto wa shule.

Kwa hiyo mpangilio wa hapa hautaanza na bei wala uzuri. Unaanza na mkanda.

Chukua helmeti, igeuze juu chini. Mkanda wa kweli una upana wa angalau sentimita 2 hata ukivutwa kwa nguvu. Hicho ndicho kipimo cha Kanuni nambari 22 ya Umoja wa Mataifa, ile ambayo dukani huitwa ECE. Ukiwa mwembamba kuliko hapo, utakata ngozi ya shingo siku utakapohitajika. Ukiona kikombe cha plastiki cha kukalia kidevu, rudisha helmeti hiyo rafuni, kwa sababu kanuni hiyohiyo inakataza kikombe kwenye helmeti ya pikipiki. Kisha fuata mkanda hadi unakoishia. Pitisha kidole chini ya sponji ya shavuni uguse mahali uliposhikwa: unatakiwa kuishia kwenye kipande cha chuma kilichopigwa riveti kwenye gamba lenyewe. Uvute kwa nguvu. Bitana ikisogea pamoja na mkanda, basi mkanda umeshonwa kwenye bitana, na hapo hakuna kilichofungwa.

Vifungio ni vya aina tatu, na tofauti yake ni kubwa kuliko tofauti ya bei. Cha kwanza kwa ubora ni pete mbili za chuma zenye umbo la herufi D. Mkanda unapita ndani ya pete zote mbili, unarudi juu ya pete ya nje na kupita ndani ya ile nyingine peke yake, kisha unavutwa. Hakina springi wala meno, kwa hiyo hakina cha kuharibika, na kila ukifunga unakaza upya kulingana na shingo yako. Kile kitufe kidogo kilicho mwishoni mwa mkanda kazi yake ni kuzuia ncha isipepee na upepo. Wapo wanaobonyeza kitufe hicho tu na kuacha pete. Hao hawajafunga kitu.

Cha pili ni ulimi wenye meno unaoingia kwenye kifungio cha chuma na kuachiwa kwa kuvuta kitanzi, mara nyingi chekundu. Ni kizuri, kinafungika hata ukiwa umevaa glovu, na ndicho utakachokutana nacho kwenye helmeti nyingi nzuri za bei ya kati. Kosa linalofanywa na wengi ni kutegemea meno peke yake kukaza. Meno ni ya marekebisho madogo. Urefu wenyewe unawekwa upande wa pili kwa kusogeza kibano cha mkanda, ili ulimi uingie karibu wote na vidole viwili tu vipite kati ya mkanda na koo. Vumbi likijaa, meno hayakamati vizuri: osha kwa maji na mswaki wa zamani, acha kikauke, usitie oili. Oili inakamata vumbi zaidi.

Cha tatu ni klipu ya plastiki ya kubonyeza. Jua huikausha, vijino vyake vya pembeni hupoteza mkunjo, na siku moja inaachia bila kupiga kelele. Helmeti yenye klipu hii, hata ikiwa na kioo cha kung'aa kiasi gani, ni ya mwisho kwenye orodha.

Jaribio la dukani halihitaji kifaa. Vaa, funga mkanda, inamisha kichwa, umwombe mwenzako ashike ukingo wa nyuma wa helmeti na kuusukuma juu na mbele, kama anayetaka kuivua. Ikitoka, au ikifika kukuziba macho, si yako. Maabara hufanya jambo hilohilo kwa ukali zaidi: uzito wa kilo 10 unaachiwa kuanguka nusu mita na kuvuta ukingo wa nyuma, na helmeti hairuhusiwi kuzunguka zaidi ya nyuzi 30. Muuzaji akikukataza kufanya jaribio hili, umeshapata jibu.

Mara nyingi inayotoka si yenye mkanda mbovu, ni kubwa tu. Pima kichwa kwa futi ya fundi cherehani, sentimita moja au mbili juu ya nyusi na kuzunguka sehemu iliyotokeza nyuma. Kwa kampuni nyingi, sentimita 57 hadi 58 ni M, 59 hadi 60 ni L. Helmeti mpya inatakiwa kusukuma mashavu mpaka uyaume kwa ndani ukizungumza. Kaa nayo dakika 15 dukani: mashavu kubanwa ni sawa, maumivu ya paji la uso si sawa. Dada zangu, hili linawahusu zaidi. Ukipimwa ukiwa na rasta nene, siku ukifumua helmeti itacheza kichwani, na mkanda wa aina yoyote hauwezi kurekebisha helmeti inayocheza. Pima na msuko unaouvaa mara nyingi, na kama unaendesha kila siku, twende kilioni inayolala kichwani inakupa kipimo kisichobadilika sana.

Sasa lebo. Helmeti ya ECE ina kitambaa kilichoshonwa kwenye mkanda (hapo tena mkandani), chenye herufi E ndani ya duara na namba ya nchi iliyotoa idhini: 1 ni Ujerumani, 3 Italia, 9 Uhispania. Chini yake kuna namba inayoanza na 05 au 06, ambayo ni toleo la kanuni. 06 ndiyo mpya na imeongeza majaribio ya pigo la kuteleza kwa pembe. Halafu tafuta herufi. P maana yake sehemu ya kidevu imepimwa na inalinda. J ni helmeti ya uso wazi. NP maana yake kile kinachofunika kidevu hakilindi, na hii hukutwa kwenye baadhi ya helmeti za kufunua, zile ambazo sehemu ya kidevu huinuliwa juu. Kuhusu DOT, alama ya Marekani, serikali ya huko haipimi kabla ya kuuza; mtengenezaji anajithibitishia mwenyewe na serikali hupima baadhi baadaye. Stika halali ya nyuma lazima iandike pia jina la mtengenezaji, modeli, FMVSS No. 218 (namba ya kiwango cha helmeti cha Marekani) na CERTIFIED. Stika yenye herufi tatu tu, DOT, inayobanduka kwa kucha, ni mapambo.

Mpangilio wangu kwa anayeanza, na sifichi upendeleo wangu:

LS2 FF353 Rapid, hasa Rapid II yenye 22.06, yaani Kanuni 22 toleo la 06. Uso mzima, kifungio cha meno cha chuma, gamba la plastiki ngumu lisilo na makuu. Kwa fedha yake sijui helmeti inayoifikia, na ningependa kila mwanafunzi wa pikipiki aanze nayo. Kama una bajeti ya helmeti hii na jaketi la bei rahisi, au helmeti ya bei rahisi na jaketi zuri, chukua ya kwanza bila kufikiri.

Inayofuata ni MT ya Uhispania, familia ya Thunder. Ina kioo cha jua cha ndani, kitu kinachofaa sana kwa anayerudi nyumbani jua likiwa usoni. Nimeiweka ya pili kwa sababu kioo hicho kinahitaji nafasi na utaratibu wake ndani ya helmeti, na kwa mtu anayeanza ni kitu kimoja zaidi cha kuharibika.

Ya tatu ni SMK, chapa ya kampuni ya Studds ya India, zenye ECE. Studds zenyewe zenye ISI, alama ya viwango ya India, na namba ya kiwango chake cha helmeti, IS 4151, zinafuata. Zina jina na kipimo, lakini kagua kifungio kimoja kimoja, usichukulie modeli zote kuwa sawa.

Zisizo na jina: kama hela imeishia hapo, chukua ya uso mzima yenye kifungio cha chuma, na ubonyeze ndani kuhakikisha kuna povu gumu nene, si sponji tupu.

Wauzaji wanachosha. Utaambiwa "inalegea, itashika" na mteja mwingine pembeni ataambiwa "inabana, itaachia", kwa helmeti ileile, kwa sababu duka lina saizi moja. Wanaongeza bei kwa ajili ya mchoro wa fuvu, lakini ukiulizia kioo cha akiba cha modeli wanayoiuza leo, hakipo. Na wanaacha helmeti juani mbele ya duka miezi na miezi, mikanda ikipauka. Uliza ya ndani ya boksi. Helmeti ya mtumba usinunue kabisa: povu lililokwisha kupokea pigo hubonyea mara moja na halirudi, na kwa nje huoni kitu.

Jaketi la mtumba ni habari nyingine. Kwenye masoko ya mitumba ya Karume na Gikomba huingia majaketi ya pikipiki ya Ulaya yenye ngozi ya zaidi ya milimita 1, na yana mifuko ya pedi mabegani na viwikoni. Tafuta lebo za viwango vya Ulaya: EN 17092 kwa mapya, na EN 1621-1 kwenye pedi zenyewe. La mitindo lina ngozi nyembamba na mshono mmoja. Likiwa kubwa pedi ya kiwiko itazunguka na kiwiko kitabaki wazi, kwa hiyo kunja mkono kama umeshika usukani kabla ya kulipa. Kwa joto la Dar, la wavu lenye pedi litavaliwa kila siku. La ngozi litabaki msumarini.

Glovu zisizo na mkanda wa kifundo cha mkono ni za bustani. EN 13594, kiwango cha Ulaya cha glovu za pikipiki, hupima pia kama glovu inachomoka: funga, kisha vuta vidole vyote kwa mkono wa pili. Kinga za magoti zenye mkanda mmoja hushuka hadi ugokoni; chukua zenye miwili, mmoja juu ya goti na mmoja chini. Buti lazima lifunike vifundo vya mguu, soli isikunjike katikati ukilibana kwa mikono, na kamba zifichwe ndani zisinase kwenye gia. Hata buti la polisi la ngozi lililofungwa vizuri linazidi viatu vingi vinavyouzwa kwa jina la viatu vya pikipiki na vikifungwa kwa velkro pekee.