RAV4 ya 2004 yenye kilomita chache, au ya 2012 iliyotembea?

Ukitafuta gari la mkononi hapa Moshi, chaguo hizi mbili zitakusumbua: RAV4 ya 2004 yenye kilomita 60,000, na ya 2012 yenye 140,000. Wengi hukimbilia ya kwanza. Mimi ningeanza na ya pili.

Kilomita hazielezi habari yote. Mpira huzeeka hata gari likiwa limepaki: bushi hupasuka, sili huanza kuvujisha oili, mipira ya rejeta hukakamaa. Chuchumaa kando ya tairi usome tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. Ukikuta 2314, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014, hata kama kashata (meno ya tairi) bado zimejaa. Kupanda Marangu au Kibosho masika kwa tairi la hivyo ni kuhatarisha familia yako.

Ya 2012 itakuwa imechoka shokapu na breki, lakini injini inayotembea kila siku na kubadilishwa oili kwa wakati huwa na afya. Bei yake iko juu, kweli.

Ya 2004 ningeinunua kwa sharti moja: karatasi. Cheti cha kusafirishia gari kutoka Japani huandikwa kilomita, linganisha na dashibodi. Muuzaji akikosa cheti na kumbukumbu za sevisi, hizo 60,000 zihesabu kama maneno tu. Na kabla ya kulipa, mpeleke fundi wako, siyo wa muuzaji.