Kifungua kinywa cha Kituruki ukingoni mwa Bosphorus: meza imejaa, chai hakuna

Niseme mapema kwamba chakula chenyewe kilikuwa kizuri. Hasira zangu ni za chai.

Mkahawa uko Rumelihisarı, Istanbul, jirani na ngome aliyoijenga Sultan Mehmed wa Pili mwaka 1452, pale mlango-bahari wa Bosphorus unapokuwa mwembamba kuliko kwingine kote. Meli za mizigo zinapita karibu hadi unasoma majina yake. Mandhari hayo yamo ndani ya bei: serpme, yaani ile meza inayotandazwa visahani tele, hulipiwa kwa kila mtu, na kando ya maji bei inapanda. Hilo silalamikii. Lakini serpme ni mlo wa kukaa, na kinachomkalisha mtu hapo ni chai.

Glasi ya kwanza ililetwa vuguvugu, uzi wa kifuko unaning'inia pembeni. Kifuko! Katika nchi inayolima chai yake yenyewe kule Rize, ambayo utamaduni wake wa chai uliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2022 pamoja na wa Azerbaijan! Nikaomba ya birika. Mhudumu hata usoni hakunitazama: "Glasi mbili tu, ya tatu unalipia." Na menyu, iliyokuwa mezani mbele yake, imeandikwa sınırsız çay, chai bila kikomo. Nikamwonyesha kwa kidole. Akaichukua akaondoka nayo.

Jamani, chai hiyo si kazi ngumu. Ni birika mbili zinazobebana. Ya chini ina maji, ya juu ina majani, kama kijiko kidogo kimoja kwa kila glasi na kimoja cha ziada. Maji yakichemka unamimina kiasi kwenye majani, unaongeza mengine chini, unazibebanisha tena na kupunguza moto. Robo saa hadi dakika 20, mvuke wa chini unaiivisha ya juu taratibu. Wakati wa kutoa, theluthi ya glasi ni rangi, yaani chai nzito ya birika ya juu, inayobaki ni maji yanayochemka. Ikikaa zaidi ya nusu saa inakuwa chungu, kwa hiyo wikendi, watu wakijaa, lazima birika ya juu ipikwe upya kila mara. Hapo ndipo wavivu wanapokimbilia vifuko.

Na bila chai ya moto meza nzima inalala. Zeituni ina chumvi, jibini nyeupe ina chumvi, sucuk, ile soseji kavu ya viungo, inatoa mafuta na kitunguu saumu, kaymak, yaani malai, ni mafuta matupu. Utakula robo tu, kinywa kishakinai.

Hiyo kaymak, hata hivyo, ilikuwa ya kweli: malai mazito yaliyoviringishwa, na asali ya sega juu yake. Ukibonyeza kwa uma, alama inabaki. Ya kudanganyia, iliyochanganywa na jibini laini, huteleza na kuacha uchachu. Menemen, mayai yaliyopikwa na nyanya na pilipili, nayo ilifika ikitokota kwenye kikaango cha shaba, mayai hayajakauka. Nusura niwasamehe, nikafikiria nyota nne. Ikaja bili, na ile chai ya vifuko imehesabiwa glasi kwa glasi. Nyota mbili, na zote ni za kaymak.

Ukienda maeneo hayo, nenda siku ya kazi kabla ya saa tatu asubuhi. Soma bei zilizobandikwa mlangoni, kisha uliza kabla hujaketi: "Çay demleme mi?", yaani, chai ni ya kupikwa birikani? Ukijibiwa kwa kusitasita, tazama meza ya jirani; ukiona uzi, geuka. Ukiwa peke yako omba kahvaltı tabağı, sahani ya mtu mmoja, kwa kuwa serpme kwa kawaida huanzia watu wawili. Na kama haja yako ni Bosphorus tu, nunua simit, mkate wa duara wenye ufuta, panda feri ya abiria, uagize chai humo humo ndani. Bei yake ni ndogo, na hakuna atakayekunyang'anya menyu.