Gari za kifahari zinazokula oili: nimezipanga kuanzia ya kununua hadi ya kukimbia

Ukienda kuangalia gari ya kifahari ya mkononi, ukafungua buti ukakuta chupa ya oili imebaki nusu, imefungwa kitambaa isimwagike, basi hiyo chupa ndo ripoti ya ukaguzi, mengine yote atakayokwambia dalali ni maneno tu. Shemeji yangu aliiona chupa kama hiyo kwa macho yake mawili, akasema huyu muuzaji anaijali sana gari yake, akalipa. Wiki ya tatu tuko foleni Mwenge dashibodi ikawasha taa ya njano, ongeza lita moja. Akaongeza, tukacheka. Mwezi uliofuata ikaomba tena, na uliofuata tena, na leo ukifungua buti yake utakuta chupa, imefungwa kitambaa. Gari gani na yadi gani sisemi maana shemeji anasoma hizi.

Sasa kabla sijapanga, tuwekane sawa kwenye jambo moja. Injini zote zinakula oili kidogo, ndo zilivyo, ile oili inayobaki kwenye ukuta wa silinda lazima kiasi fulani kiungue. Shida ni kiasi gani. Kitabu cha Audi kwa injini zake nyingi kinakwambia hadi nusu lita kwa kilomita 1,000 ni kawaida. Pigeni hesabu wenyewe: kwenda Mbeya na kurudi Dar ni kama kilomita 1,650, gari imeshakunywa zaidi ya robo tatu ya lita, na ukifika kilomita 10,000 umeongeza lita 5, yani umenunua sampo nzima (lile beseni la oili chini ya injini) ya pili katikati ya sevisi mbili na bado kitabu kinasema gari nzima. Kwahiyo ukisikia "ipo ndani ya kiwango cha kiwanda" usitulie, uliza kiwango chenyewe ni ngapi.

Na kwanini gari ya bei ghali inakula kuliko Vitz ya jirani? Kwa sababu viwanda vinakimbizana kupunguza ulaji wa mafuta na moshi. Ringi za pistoni (zile duara zinazozuia oili isipande juu) wamezifanya nyembamba na hazikazi sana ukutani ili injini izunguke nyepesi, oili nayo imekuwa nyepesi kama maji, juu wameweka tabo (ile feni ya kusukuma hewa kwenye injini) inayochemka, alafu sevisi wakasema fanya baada ya kilomita 15,000 au zaidi. Ulaya kwenye baridi na barabara iliyonyooka labda. Kwenye joto la hapa na foleni ya masaa mawili oili inapikika, inaacha masizi kwenye ringi, ringi zinaganda, kuanzia hapo oili inapita. Ndo maana mimi siangalii nembo, naangalia kodi ya injini, yani ile herufi na namba ya aina ya injini kama B48, sio kodi ya serikali. BMW mbili zimefanana kila kitu nje, moja utaizeesha, nyingine itakuzeesha wewe.

Namba moja, wala sijaumiza kichwa, ni Lexus, na hasa haibridi (ya petroli na umeme). RX 450h ya kuanzia 2015 ina ile V6 (silinda 6 zilizopangwa umbo la V) ya lita 3.5 isiyo na tabo, na NX 300h ina silinda 4 ya lita 2.5, hizo ukibadilisha oili kila kilomita 5,000 hadi 7,000 utasahau kama kuna kitu kinaitwa kuongeza oili. Kitu cha kuangalia ni kile kichujio cha feni ya betri ya haibridi, vumbi likijaa betri inachemka, kinasafishwa kwa dakika chache na watu wengi hata hawajui kipo. Angalizo kwa wanaoagiza Japani: ukiona RX 200t ujue ni lita 2 yenye tabo, na mwishoni mwa 2017 waliibadilisha jina ikawa RX 300, wengi wanaona 300 wanadhani wanapata lita 3. Si mbaya, ila usilipie lita 3. Alafu msije mkadhani Lexus ni malaika, ile LX 600 mpya na Tundra (pikapu ya Toyota, ndo wenye Lexus) walitumia V6 ya tabo mbili, na 2024 Toyota wakaita gari kama 102,000 Marekani kwa sababu vyuma vidogo vya kiwandani vilibaki ndani ya injini vikawa vinaua beringi za krenki (mhimili mkuu wa injini). Mtu kanunua mpya kabisa, plastiki bado ziko kwenye siti.

Namba mbili itawashangaza, BMW. Ila sio BMW yoyote. Tafuta B48 (silinda 4, lita 2) au B58 (silinda 6, lita 3), ndo walizoanza kuziweka 2014 na 2015 kwenda mbele. Hiyo B58 ni nzuri kiasi kwamba Toyota wenyewe wakaichukua wakaiweka kwenye Supra ya 2019, na Toyota hawachukui kitu cha mtu ovyo. Kwenye 320i kuwa makini sana na mwaka, zile za mwanzo za umbo la F30 zina N20 ambayo reli za plastiki za cheni ya taimingi zinavunjika, ukipata ya 2016 na kuendelea hakikisha kodi ni B48. Ubovu wake ni wa kuvuja zaidi kuliko kula, gasketi pale filta ya oili inapokaa, na maji kupungua polepole. Hayo fundi anayejua anayamaliza bila kushusha injini.

Mercedes naiweka ya tatu. C200 na E200 za lita 2 (M274) hazina sifa ya kula oili kivile, tatizo lao ni la ajabu kidogo: oili inavuja kwenye zile sumaku za camshaft (mhimili unaofungua valvu), inaingia ndani ya waya, inatembea ndani ya waya kama utambi wa koroboi mpaka ifike kwenye soketi za sensa na kompyuta. Ukiwa unakagua mwambie fundi achomoe soketi ya sumaku aangalie, kama ni kavu sawa, kama ina oili shusha bei au ondoka. Kuna viwaya vifupi vya kuzuia vinauzwa, bei yake hata haifanani na Mercedes.

Audi A4 na Q5 za lita 2 nazipa namba nne, na hapa mwaka ndo kila kitu. Zile za 2009 hadi 2011 zilikula oili mpaka wenye gari Marekani wakaenda mahakamani, na kampuni ikakubali kupima na kutengeneza, na kutengeneza kwenyewe ni kufungua injini kuweka pistoni na ringi mpya. Ringi ya oili matundu yake yalikuwa madogo mno yakaziba. Kizazi kilichofuata cha injini hiyohiyo kimetulia sana, A4 ya 2016 kuja juu unaweza kuishi nayo, ila bado ongezea jicho kwenye ile valvu ya kutoa mvuke wa oili, ikipasuka gari inaanza kunywa oili na mtu anakwambia pistoni zimekwisha kumbe ni kipande cha plastiki juu ya injini. Volvo za lita 2 mpaka kama 2016 zina ugonjwa wa ringi unaofanana na huu, baada ya hapo zimetulia, sina mengi.

Range Rover. Najua mnaipenda, na mimi pia, ikipita lazima nigeuke. Lakini dizeli ya lita 3 krenki yake ina historia ya kukatika, yani sio kuchakaa, kukatika, na ikikatika unanunua injini. Zile dogo, Evoque na Discovery Sport za dizeli lita 2, zina kituko cha kinyume: oili HAISHUKI, inapanda. Chujio la moshi linatakiwa lijichome lenyewe gari ikiwa mwendo mrefu, sasa wewe unatoka Sinza unaenda Posta, linaanza kujichoma unazima gari, dizeli ya ziada iliyopulizwa inateremka kwenye sampo inachanganyika na oili. Ukivuta kijiti ukakuta oili imepita alama ya juu na inanuka dizeli usifurahi, hiyo ni oili iliyokuwa maji na cheni ndo itakayolipa. Kama safari zako ni za mjini tu chukua ya petroli au achana nayo.

Mkiani kabisa nimeweka BMW zenye V8 ya N63, ile iliyoanza 2008 kwenye X6, ikaenda X5, 550i, 750i. Tabo zote mbili wameziweka katikati ya V, joto linakaa palepale linapika sili za valvu (mipira inayozuia oili isiingie kwenye silinda) zinakuwa ngumu kama plastiki. Jarida la Consumer Reports mwaka 2015 lilikuta 5 Series ya V8 ina uwezekano mara 27 zaidi ya gari ya kawaida kula oili kupita kiasi, na BMW wenyewe mwishoni mwa 2014 walitoa mpango maalum Marekani wa kuwabadilishia wateja vitu kibao na kufupisha muda wa sevisi. Sasa ndo mjue kwanini 750i ya miaka hiyo inauzwa bei ya IST. Kenya sheria ya miaka 8 imeshazifungia mlango za kuagiza ila za mkononi zipo, huku kwetu Tanzania bado unaweza kuleta ukilipa ushuru wa uchakavu, na watu wanaleta.

Kwenye ukaguzi nenda asubuhi, umwambie mwenye gari ASIIWASHE. Gusa boneti, ikiwa ya moto kuna kitu kinafichwa. Mtu asimame nyuma wakati unawasha, moshi wa bluu sekunde za mwanzo alafu ukapotea ni sili za valvu, ukitoka unapokanyaga kwenye mlima ni ringi, hiyo muachie. Chomoa plagi, zikiwa nyeusi na mbichi za oili umepata jibu. BMW nyingi na baadhi ya Audi hazina kijiti cha kupimia oili, ni mpaka kwenye skrini na injini iwe imepata joto, kwahiyo endesha nusu saa ndo usome. Tafuta pia kadi za sevisi, sio kuona oili ilibadilishwa lini tu, angalia kama kuna risiti za lita mojamoja katikati. Ukishanunua jaza mpaka alama ya juu, weka tripu sifuri, tembea kilomita 1,000, pima sehemu tambarare. Chini ya robo lita lala usingizi.

Na oili usinunue ya bei chee barabarani, feki zipo kibao. Soma nyuma ya chupa utafute namba ya kibali cha kiwanda: Mercedes 229.5 au 229.51, Audi 504 00, BMW LL-01 au LL-04 kutegemea injini. Kuweka oili nzito ili isile ni kumfunga mgonjwa mdomo, cheni na tabo zinakosa oili asubuhi.

Dalali akikwambia "hiyo ni kawaida ya Mjerumani kaka", mpe karatasi akuandikie kawaida yenyewe ni lita ngapi kwa kilomita ngapi, aweke na sahihi. Nilimpa mmoja pale Kinondoni, akasema kalamu haina wino. Nikampa yangu. Akapokea simu ambayo haikuita.